Mali Bila Daftari: Tusiiache Haki Yetu Ilale Masijalani



Kuna namna mbili za kupoteza haki mahakamani. Ya kwanza yajulikana na wote, nayo ni kushindwa shauri. Ya pili haisemwi sana, ingawa ndiyo inayowaumiza watu wengi wa vijijini mwetu: ni kushinda shauri, kisha kukosa karatasi inayoonyesha kwamba ulishinda. Mtu husikiliza hukumu ikisomwa, hupongezwa na ndugu zake nje ya mahakama, hurudi kijijini kulima shamba lake. Baada ya miaka ishirini, yeye akiwa kaburini, watoto wake huulizwa: "Hukumu hiyo iko wapi?" Hapo ndipo ugomvi uliokwisha kumalizwa huanza upya, na mara hii mwenye haki husimama mikono mitupu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la haki zetu nyingi limo katika masijala za mahakama: hukumu za mashamba, za mifugo, za madeni, za ndoa na za mirathi. Nyaraka hizo si siri ya karani wala si mali ya hakimu. Ziliandikwa kwa niaba ya umma, katika mahakama iliyokaa mbele ya watu. Lakini hazitatufuata nyumbani. Ni sisi tunaopaswa kuzifuata, kwa barua, kwa namba na kwa wakati. Hilo ndilo neno letu katika toleo hili.

Kwa nini tuseme sasa

Zamani shamba la mtama au la uwele pembezoni mwa mji wa Dodoma halikuwa na wagombea wengi. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie huku, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, na mambo yakaanza kubadilika polepole. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, yamebadilika kwa kasi. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Leo Mtumba ni Mji wa Serikali. Ardhi ambayo babu aliiacha ilale ili ipate nguvu, mjukuu anaikuta imepigwa vigingi.

Panapokuwa na bei, wadai hutokea. Mmoja husema alipewa na mzee wa ukoo. Mwingine husema alinunua. Wa tatu husema baba yake aliondolewa hapo wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji. Huenda kila mmoja anasema kweli kadiri anavyoijua. Wazee waliokuwa wakituonyesha mpaka kwa kuelekeza fimbo kwenye mbuyu wanatutoka mmoja mmoja, na mbuyu wenyewe hauwezi kula kiapo. Kinachobaki ni maandishi. Basi kama shamba hilo liliwahi kugombewa na kuamuliwa, hakuna ushahidi mzito kuliko hukumu ile ya kale.

Hukumu iliyosimama mbele ya sheria mpya

Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka shauri la Bwana Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, ambacho wakati ule kilikuwa katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Arusha. Mwaka 1987 walifungua shauri katika Mahakama ya Hakimu Mkazi wakidai ardhi waliyoimiliki kimila. Walishinda, waliokuwa ndani ya shamba wakaamriwa kutoka, na wao wakakabidhiwa. Rufani dhidi ya hukumu hiyo ilikuwa ikingoja kusikilizwa katika Mahakama Kuu, Bunge lilipotunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa, ikakataza fidia, ikasimamisha mashauri yaliyokuwa mahakamani, tena ikakataza kukazia hukumu zilizokwisha kutolewa.

Baba na mwana hawakukubali. Waliipinga sheria hiyo kwa kutumia Katiba, na tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mwenye haki hiyo hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Faida ya tamko hilo haikuishia Mbulu. Mgogo mwenye shamba lake, Mrangi, Msandawe na Mnyaturu, wote wamekingwa nalo.

Tulitafakari jambo hili. Wakulima hao wawili wangesimama wapi kama wangekuwa na maneno matupu? Walikuwa na shauri lenye namba, hukumu yenye tarehe, na amri ya kukabidhiwa. Hata sheria ile yenyewe, kwa kukataza hukumu za zamani zisitekelezwe, ilikiri kwamba hukumu hizo zina nguvu. Mwenye mabavu haogopi maneno ya barazani. Huogopa karatasi yenye mhuri.

Jalada liko wapi?

Swali la kwanza ambalo mtu hujiuliza ni wapi aanzie. Jibu hutegemea mwaka ambao shauri liliamuliwa, kwa kuwa vyombo vya kuamua mashauri vimebadilika mara kadhaa.

Kabla ya Julai 1964, mashauri ya kimila ya vijijini yalisikilizwa na mahakama za watemi na za wenyeji zilizoundwa wakati wa ukoloni. Nyaraka zake ni chache na si rahisi kupatikana. Anayezitafuta aulize kwanza katika mahakama ya eneo lake, kisha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo hapa Dodoma.

Kuanzia tarehe 1 Julai 1964 zikaja Mahakama za Mwanzo. Kwa karibu miaka arobaini, magomvi mengi ya mashamba ya kimila yalipita mbele ya mahakimu wa mahakama hizo. Kwa hiyo, kama baba yako alishtakiana na jirani juu ya shamba mwaka 1978 au 1991, jalada lake litafutwe kwanza katika Mahakama ya Mwanzo ya eneo hilo, hata kama leo mahakama hiyo haina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye ardhi.

Mamlaka hayo yaliondolewa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Oktoba 2003. Tangu hapo mashauri ya ardhi huanzia katika mabaraza: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ndipo yaende Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa tena, na Baraza la Kata likabaki na kazi ya kusuluhisha tu. Lisipofanikiwa katika siku 30, mdai huruhusiwa kwenda Baraza la Wilaya. Lakini maamuzi ya Mabaraza ya Kata ya kabla ya hapo hayakufutika, na nyaraka zake ndizo zilizo hatarini kuliko zote. Mara nyingi zilibaki kwa katibu wa baraza au katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, pasipo kabati wala rejista ya maana, zikingoja mchwa na mvua. Aliye na shauri la namna hiyo asichelewe.

Tukumbuke pia kwamba wilaya zetu zimegawanywa. Bahi na Chamwino zilitoka katika iliyokuwa Dodoma Vijijini. Chemba ilitengwa na Kondoa mwaka 2012. Kongwa ilitoka Mpwapwa. Shauri la Mahakama ya Wilaya la mtu wa Bahi la miaka ya 1980 halipaswi kutafutwa Bahi, bali Dodoma mjini. Aliyekwenda Bahi akaambiwa "halipo" hakudanganywa. Alibisha mlango usio wake.

Tena, jalada husafiri. Mtu akikata rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo, jalada hupelekwa Mahakama ya Wilaya. Akiendelea, hupelekwa Mahakama Kuu. Mara nyingine hurudi, mara nyingine hukawia huko. Kwa hiyo ukiambiwa jalada halionekani, uliza mara moja: "Je, palikuwa na rufani? Rejista yasema lilipelekwa wapi, na tarehe gani?" Swali hilo moja limewafungulia njia watu waliokuwa wamekwisha kukata tamaa.

Namna ya kuomba

Kila shauri lina namba na mwaka, kwa mfano Shauri la Madai Na. 14 la mwaka 1989, au Shauri la Mirathi namba fulani. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Itafute kwanza nyumbani: katika hati ya wito, katika stakabadhi ya ada, katika barua ya zamani iliyofungwa pamoja na vyeti vya ubatizo. Usipoipata, nenda na mambo manne: majina kamili ya mdai na mdaiwa kama yalivyoandikwa wakati ule, jina la mahakama, mwaka hata kama ni wa kukadiria, na jambo lililogombewa. Kwa hayo karani anaweza kupekua rejista ya mashauri ya mwaka ule. Zingatia majina. Wazee wetu wengi waliandikwa kwa jina la ukoo mahali pamoja na kwa jina la ubatizo mahali pengine. Taja yote mawili.

Maombi yafanywe kwa barua, si kwa mdomo. Mwandikie Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo. Kama ni Mahakama Kuu, mwandikie Naibu Msajili. Kama ni Baraza la Ardhi na Nyumba, mwandikie Mwenyekiti wake, kwani baraza huwa na masijala yake. Taja namba ya shauri, majina ya wadaawa na tarehe ya hukumu. Eleza wewe ni nani katika shauri: mdai, mdaiwa, mrithi wa mmojawapo, au mtu ambaye haki yake yaguswa. Asiye mdaawa aeleze sababu yake kwa adabu na kwa ukweli. Kisha taja waziwazi unachoomba, maana jalada lina vitu vingi: hati ya madai na majibu yake, mwenendo wa shauri, yaani maneno ya mashahidi jinsi hakimu alivyoyaandika, vielelezo vilivyopokelewa, hukumu yenyewe, na tuzo, ambayo ni amri fupi inayosema nani apewe nini. Anayetaka kutekeleza haki yake anahitaji hukumu na tuzo. Anayetaka kukata rufani anahitaji na mwenendo. Anayetaka kujua tu kilichotokea aombe ruhusa ya kulisoma jalada hapo hapo masijala, mbele ya karani.

Barua iwe na nakala mbili. Moja iachwe mahakamani. Ya pili igongwe mhuri wa mapokezi wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Wapo wanaoona haya kumwomba karani mhuri. Wasione haya, kwa kuwa mhuri huo ndio shahidi wao.

Ada inapohitajika, uliza ni kiasi gani na kwa kanuni ipi, lipa kwa namba ya malipo ya Serikali, nawe upokee stakabadhi. Fedha inayotolewa chini ya meza haiwi ada. Ni rushwa, na rushwa humfunga aliyetoa sawasawa na aliyepokea. Unapopewa nakala, hakikisha kila ukurasa upo, nakala imethibitishwa kwa saini na mhuri wa mahakama, na majina hayakukosewa. Nakala isiyothibitishwa yafaa kusomwa tu, haifai kusimamishwa mbele ya hakimu mwingine.

Kuhusu lugha, Mahakama ya Mwanzo siku zote imeandika kwa Kiswahili. Katika mahakama za juu kumbukumbu nyingi za zamani ni za Kiingereza, ingawa mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Mwalimu au kijana msomi wa kigango anaweza kumsaidia mzee kuisoma. Vijana wana msaada mwingine pia: hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani husomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Lakini hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ya mwaka 1985 wasiitafute kwenye simu. Hiyo ni ya kufuatwa kwa miguu.

Siku hazisubiri

Jambo linalowaangusha wengi ni muda. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 tu, tangu tarehe ya uamuzi, za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ana siku 30 nyingine, na hati ya rufani huwasilishwa katika Mahakama ya Wilaya ile ile. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba, kwa shauri lililoanzia hapo, ni siku 45. Kwa shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ni siku 90.

Sasa sikilizeni tofauti hii, kwa sababu imewagharimu wengi. Rufani ya shauri lililotoka Mahakama ya Mwanzo hailazimiki kuambatanishwa na nakala ya hukumu. Mahakama ya juu itaagiza jalada lenyewe. Kwa hiyo anayekaa nyumbani akisema "nangoja nakala" huku siku 30 zinapita, anajifungia mlango mwenyewe. Awasilishe rufani, nakala imkute njiani. Lakini shauri lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi huhitaji nakala za hukumu na tuzo. Huko sheria ya ukomo ina huruma: siku zilizotumika kuzingoja nakala hazihesabiwi. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ili siku hizo ziondolewe, kumbukumbu ionyeshe tarehe ya uamuzi, tarehe ya kuomba nakala, na tarehe ya kupewa. Nani atakayeonyesha tarehe ya kuomba, kama aliomba kwa mdomo mlangoni? Hapo ndipo ile nakala ya barua yenye mhuri inapookoa shamba. Na anayekusudia kufika Mahakama ya Rufani yenyewe ajue kwamba barua ya kuomba mwenendo huandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mpinzani wake apelekewe nakala.

Wajane, yatima na jalada la mirathi

Katika ofisi zetu za parokia hakuna shida inayorudi mara nyingi kama ya mjane asiyejua mali ya marehemu mumewe ilikwenda wapi. Ukoo ulikaa, shemeji akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akaenda Mahakama ya Mwanzo akapewa Fomu Na. 4, na tangu hapo mjane husikia kwamba "mambo yako mahakamani". Huyadhani ni mambo ya siri.

Si ya siri hata kidogo. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa, ndani ya miezi minne, kuwasilisha mahakamani orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya jinsi alivyokusanya, alivyolipa na alivyogawa, kwa Fomu Na. 6. Fomu hizo hukaa katika jalada la mirathi. Mjane aandike barua, ataje jina la marehemu na mwaka wa kifo, aombe kulisoma jalada na kupewa nakala za fomu hizo. Akikuta ng'ombe kumi wameandikwa watatu, au akikuta jina la mtoto wake halimo, ana jambo la kumweleza hakimu. Akikuta hakuna orodha yoyote iliyowasilishwa, hilo nalo ni jambo la kueleza, kwa kuwa msimamizi huwajibika kwa mahakama iliyomteua. Msimamizi mwaminifu hatachukia kusomwa kwa hesabu zake. Zitamsafisha mbele ya ukoo.

Mlango ukifungwa

Tuseme haki kwa pande zote. Makarani wengi wa mahakama za vijijini wanafanya kazi katika vyumba vidogo, makabati machache na majalada ya miongo mingi. Wengi wao ni watu wema wanaotoka vumbi jingi kumtafutia mzee karatasi moja. Tuwaendee kwa heshima, na tusidai kupewa siku ile ile kitu cha miaka arobaini iliyopita.

Hata hivyo, "njoo kesho" inaporudiwa mara ya tano, hiyo si foleni tena. Hapo andika barua ya pili ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, kisha kwa Msajili. Katiba ya nchi, katika Ibara ya 13, yatupa haki ya kusikilizwa na ya kukata rufani. Na Ibara ya 107A yaziagiza mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, bila kuichelewesha pasipo sababu ya msingi. Kwa nyaraka zilizoko katika ofisi za umma kama ya Mtendaji wa Kata, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yataka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Anayedaiwa rushwa aende TAKUKURU.

Na jalada likithibitika kupotea, haki haijafa. Mahakama inaweza kuagiza liundwe upya kutokana na nakala zilizoko kwa wadaawa na katika mahakama ya juu. Lakini tuone ugumu uliopo: kama hakuna hata mmoja mwenye nakala, litaundwa kwa kitu gani? Wakati wa kuomba nakala ni wakati jalada lipo.

Je, kufanya hivi si kuchochea ugomvi?

Wapo waamini wema wanaouliza kama Tume ya Haki na Amani haiwafundishi watu kushtakiana. Wanakumbuka maonyo ya Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya ndugu kupelekana mbele ya mahakimu. Tunawajibu kwamba anayetafuta hukumu ya zamani mara nyingi anataka kuepuka shauri jipya. Ndugu wawili wanaogombea mpaka, wakisomewa kile ambacho baba zao walikubali mbele ya hakimu mwaka 1983, hukosa sababu ya kuendelea kuchukiana. Pasipo maandishi, kila upande huirithisha hadithi yake kwa watoto, na uchungu wake pamoja nayo. Hata upatanisho unaofanywa barazani au mbele ya wazee wa Jumuiya unahitaji kuandikwa, kutiwa sahihi na kutunzwa. Amani isiyo na kumbukumbu huwa ya watu waliokuwapo tu. Wakifa, nayo huzikwa.

Nabii Yeremia alilijua hilo. Yerusalemu ukiwa umezingirwa na adui, alinunua shamba la mwana wa ami yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Aliandika hati, akaitia mhuri, akaita mashahidi, akapima fedha mizanini. Kisha akamwagiza Baruku aziweke hati zote mbili, iliyotiwa mhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi. Ndiyo kusema kwamba mtu wa Mungu aliyetabiri mambo makuu ya mataifa hakuona ni kazi ndogo kutunza nakala ya hati ya shamba.

Kazi ya parokia

Tunapendekeza mambo machache, yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kamati ya Haki na Amani ya kigango iwe na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua kuandika barua ya maombi na walio tayari kumsindikiza mjane au mzee asiyejua kusoma hadi masijala. Pili, kamati isiwe baraza la hukumu. Isiseme nani mwenye haki. Kazi yake ni kumsaidia kila upande ajue kilichoandikwa, hata kama pande zote mbili zimo katika Jumuiya moja. Tatu, viongozi wajuane na wasaidizi wa kisheria wa wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni ya bure. Nne, kila familia yenye hukumu, tuzo au fomu za mirathi itoe nakala tatu: moja ibaki nyumbani ndani ya mfuko usiopitisha maji, moja kwa ndugu anayeaminika anayeishi mahali pengine, na moja kwa mtoto atakayebaki na shamba. Namba ya shauri iandikwe pia katika daftari la familia, pale panapoandikwa tarehe za kuzaliwa na za ubatizo.

Ndugu viongozi wa walei, katika mkutano ujao wa Jumuiya zenu Ndogo Ndogo, ulizeni swali moja tu: "Ni nani hapa ambaye yeye, mzazi wake au babu yake aliwahi kuwa na shauri mahakamani, na hana nakala?" Andikeni majina. Msingoje shamba lipigwe vigingi. Kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, watu wana nafasi ya kusafiri. Basi safari ya kwanza iwe ya masijala, na barua ya kwanza iandikwe kwa ajili ya mjane.